Bihogo Aibwa Kituoni

Ng'ombe alikuwa ameibwa kituo cha polisi. Si sokoni, si kichakani. Ni kituoni Kibondo, nyuma ya jengo, asubuhi kweupe, sentri akiwa macho. Inspekta Careen, mgeni kutoka Tanga, alibaki anatazama kigingi na samadi mbichi.

Bihogo, mtamba wa rangi ya kahawia ambaye hajazaa bado, ndiye zawadi ya fainali ya jioni hiyo: Polisi dhidi ya Vijana wa Stendi. Vijana hao Careen aliwaokota mmoja mmoja vijiweni, wengi wao wakwapuzi wa simu. Tangu awaingize kwenye mpira na ulinzi shirikishi, watu mjini walikuwa wanaongea na simu barabarani bila kugeuka nyuma.

Mkuu wa polisi wa wilaya hakuwa na maneno mengi.

"Vijana wako hao, Careen."

"Ushahidi bado, afande."

"Ng'ombe asipopatikana kabla ya mechi, timu naivunja. Na nahodha wao analala mahabusu."

Nahodha, Lukmani, aliletwa na viatu vimejaa samadi. Alimpenda yule kijana, afiche nini?

"Samadi hii ya wapi?"

"Ya Bihogo, afande."

"Ulimfuata lini?"

"Alfajiri. Nilimletea majani. Kila siku namletea."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Namwonea huruma, leo anachinjwa." Lukmani akainamisha kichwa. "Ila wenzangu wasijue, afande. Watanicheka mwaka mzima."

Careen alitaka kumwamini, lakini kutaka si ushahidi. Akarudi kwenye kigingi, akachuchumaa. Kamba haikukatwa, fundo lilifunguliwa taratibu. Nyayo za kwato zilielekea moja kwa moja geti kuu, kwa mwendo wa maringo, hakuna alama ya kuburutwa. Pembeni yake kulikuwa na nyayo ndogo za kandambili, na vishimo vya mviringo vya mkongojo. Lukmani na mkongojo wapi na wapi?

Akamwita sentri, Konstebo Theonest, Muha wa hapo hapo.

"Nani alipita getini?"

"Hakuna mtu mbaya, afande."

"Sijauliza mbaya. Nani?"

"Bibi Philomena tu, yule aliyetoa ng'ombe wa zawadi."

"Akatoka na nini?"

"Na ng'ombe, afande."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikamfungulia geti. Ni bibi yetu, afande, angesubiri juani?"

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza kama nimeona mwizi."

Jamani, Theonest! Careen akawasha pikipiki, akampakia Lukmani, wakashika njia ya Kitahana, kijijini kwa bibi.

Bihogo alikuwa nyuma ya nyumba, anatafuna maganda ya ndizi bila wasiwasi wowote. Bibi Philomena alikuwa barazani anachambua maharage.

"Bibi, shikamoo. Ng'ombe huyu umemchukua wewe?"

"Marahaba. Ni mimi. Kaeni kwanza mnywe uji."

"Bibi, hii ni kesi ya wizi."

"Basi nifunge, mwanangu. Lakini nani alisema achinjwe?"

"Si zawadi ya fainali? Mshindi anachinja, mji mzima unakula. Mudathiri wa buchani ameshanoa visu."

Bibi akaweka ungo chini. "Mtamba, mwanangu? Ninyi wa Tanga mna mambo. Niliwagabira hawa vijana, ninyi mkamgeuza zawadi ya mechi. Kwetu Waha ukimgabira mtu ng'ombe, umemfanya ndugu. Anamtunza, anakunywa maziwa, ndama mmoja anamrudisha kwako. Halali wala hali bila kukukumbuka."

"Kwa nini hawa?"

"Waliniibia kuku, tena kwa zamu." Akamtazama Lukmani, naye akatazama pembeni. "Mwaka jana upepo uling'oa paa langu, wakaja wenyewe kuezeka. Nikasema, mwenye ng'ombe anayemsubiri nyumbani hatakwenda kukwapua simu. Halafu nasikia mnataka kummaliza kwa mlo mmoja. Nikaona heri niitwe mwizi."

Careen aliona aibu, kisha kicheko kikamshinda. Akampigia mkuu wake.

"Mtuhumiwa amekiri, afande. Ni Bibi Philomena."

Akamweleza kisa chote. "Mahabusu yangu haina hadhi ya kumlaza bibi," mkuu akasema, sauti ikimtetemeka kwa kicheko. "Mlete uwanjani. Na ng'ombe wake."

Polisi walifungwa matatu kwa moja. Kipa wao alikuwa Theonest, na siku hiyo ilikuwa ya kufungua milango tu. Mudathiri alipewa beberu achinje, watu wakala.

Bibi Philomena akashika kamba katikati ya uwanja. "Nani atamkatia majani?"

Lukmani akawatazama wenzake. Akavuta pumzi. "Mimi. Siku zote amekuwa anakula majani yangu."

Wakamcheka kweli, mpaka wengine wakakaa chini. Lukmani naye akacheka huku anapokea kamba.

Asubuhi iliyofuata Inspekta Careen alisikia kelele nyuma ya kituo, alikofungwa Bihogo mpaka vijana wamjengee zizi, akatoka mbio akidhani Bihogo ameibwa tena. Akaikuta timu nzima, kila mmoja na mzigo wa majani kichwani, wanagombania nani aanze kumlisha.