Nilimkaribisha Kwenye Bodi, Akanivua Nguo Ukumbini

Nina miaka hamsini na saba. Ni muuguzi mstaafu, mjane, mkazi wa Makorora hapa Tanga. Nina binti mmoja, Salma, ameolewa na anaishi mtaa wa pili kutoka kwangu. Mimi niiteni Mwanahawa, inatosha. Siandiki haya ili nionewe huruma. Naandika kwa sababu nina hasira, na nimechoka kuibeba peke yangu.

Nilipokuwa na miaka ishirini na tano nilikwenda kujitolea Zambia, kwenye hospitali ndogo ya kijijini. Nilitakiwa kukaa miaka miwili. Watu wa aina yangu ni wengi kuliko mnavyodhani: wauguzi, walimu, mafundi, waliokwenda kuwatumikia watu wa nchi za wenzetu kwa posho ya kula tu, kisha wakarudi. Na ukirudi, nyumbani wanakuuliza umeleta nini. Hakuna anayekuuliza umeona nini.

Ndiyo maana mimi na Mwalimu Shemweta, Msambaa mmoja mpole aliyewahi kufundisha hesabu Lesotho, tulianzisha chama cha watu kama sisi. Tulianza watu sita, sebuleni kwangu. Tuliwapokea waliorudi, tukawaandaa wanaokwenda, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi sisi wauguzi tulikwenda kijiji cha Kigombe kuwapima wazee presha na sukari. Mimi nilikuwa mwenyekiti, Mwalimu katibu. Tulikwenda hivyo miaka kumi na mbili.

Kisha wajumbe wawili wa bodi wakahamia mikoa mingine, na mmoja akafariki. Tukahitaji wapya watatu. Jina la kwanza nililolitaja mimi lilikuwa la Zubeda.

Zubeda nilimlea mimi. Alikuwa binti wa jirani, nami ndiye niliyemshika mkono alipokwenda kujitolea Malawi. Aliporudi na kuolewa, mimba yake ya kwanza ikaharibika. Alilala kitandani siku tisa, hali, hasemi. Nikaenda kukaa naye. Na ili ajue kwamba mwanamke anaweza kupita hapo na akaendelea kuishi, nikamweleza siri ambayo hapa mjini marehemu mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa akiijua...

Nilimweleza kwamba sikumaliza miaka yangu miwili kule Zambia. Mwezi wa kumi na nne nilipata mimba. Aliyenipa mimba alikuwa mwenzangu wa kujitolea, mtu mwenye mke kwao. Nikarudishwa nyumbani kimyakimya. Nikajifungulia kwa shangazi yangu, kijijini Ushongo, kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa kike. Hakulia. Akazikwa kulekule, na shangazi akaniambia nisilitaje jambo hilo tena.

Zubeda alinikumbatia, akalia, siku ileile akala uji. Basi niambieni, ningemwogopaje mtu kama huyo?

Mwalimu Shemweta hakumtaka. Alisema kwenye kikao, mbele ya Zubeda na wenzake wawili tuliowaalika waje kujitambulisha, "Mwenyekiti, sisemi kwamba hawa ni watu wabaya. Nasema wakae mwaka mmoja kama wanachama wa kawaida. Waje Kigombe, washike ile mashine ya presha, tuwaone. Bodi haikimbii."

Na ni kweli, Zubeda hakuwahi kukanyaga Kigombe hata siku moja. Kila tulipomwita alikuwa na udhuru. Lakini mimi nilicheka. Nikamjibu, "Mwalimu, usituletee wivu wa uzee hapa." Wageni nao wakacheka. Mwalimu akakunja karatasi zake taratibu, akatoka. Wiki iliyofuata ikaja barua ya kujiuzulu. Sikumfuata. Nilijiambia kwamba hasira zitamwisha.

Nafasi ya katibu akapewa mmoja wa wale wapya. Siku ya kuwakaribisha rasmi tulipika pilau, tukakodi ukumbi Chumbageni. Kabla ya chakula, Zubeda akaniletea karatasi zilizopigwa chapa vizuri. "Dada, tumeinyoosha katiba kidogo, iende na wakati. Ni lugha tu. Wanachama wapo wote leo, tuipitishe, usaini." Wanachama wakanusa pilau, wakanyoosha mikono. Nikasaini kurasa zote bila kusoma hata moja. Mimi, niliyewafundisha wauguzi wadogo wasimpe mgonjwa kidonge bila kusoma chupa!

Ilipita miezi minne. Tukakaa kikao cha bodi, mchana, ukumbi uleule, na baadhi ya wanachama wamealikwa kusikiliza. Sikujua kwa nini wamealikwa. Zubeda akaomba nafasi.

Akasoma kifungu cha tisa cha katiba mpya: mjumbe yeyote wa bodi lazima awe na cheti cha kumaliza muda wake wote wa huduma nje ya nchi. Akaweka cha kwake mezani. Wenzake wakaweka vyao. Wajumbe wa zamani nao wakavitoa kwenye bahasha. Wote walikuwa wameambiwa waje navyo. Wote isipokuwa mimi.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Zubeda, unajua kwamba mimi sina."

"Najua, dada," akasema. "Lakini wajumbe hawajui. Waeleze mwenyewe kwa nini ulirudi kabla ya muda. Au niwaeleze mimi?"

Nilimtazama nikitafuta yule binti aliyelala siku tisa bila kula. Sikumwona. Naye akawaeleza. Aliyasema yote, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma muhtasari wa kikao. Mimba. Mume wa mtu. Kurudishwa. Mtoto. Hata Ushongo aliitaja.

Kina mama wawili ninaosali nao walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Mmoja akajifunika uso kwa mtandio.

Wakapiga kura ya kuniondoa. Mikono mitano ikapanda, pamoja na ya watu niliowapokea mimi walipokuwa hawana pa kufikia. Walinyoosha mikono huku wakitazama meza. Jioni ile Zubeda alikuwa mwenyekiti.

Habari ilifika Makorora kabla yangu. Salma alikuwa amekaa barazani kwangu. Hakuniamkia. Aliuliza tu, "Mama, ni kweli nilikuwa na dada?"

Nikamwambia ni kweli. Akauliza jina lake. Nikamwambia hakupewa jina. Akaniuliza kwa nini mtu asiye ndugu kama Zubeda alijua na yeye hajui. Aliondoka, na kwa miezi miwili alikuwa akiniletea chakula kwa mkono wa jirani. Hiyo ndiyo kura iliyoniuma.

Nilikwenda nyumbani kwa Zubeda kumuuliza. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai, kama vile hapakutokea kitu. Nikamuuliza nilimkosea nini.

"Hukunikosea, dada. Ila ungekaa kwenye kiti kile mpaka ufe, na mtu angekuondoaje? Kila mtu anakupenda." Akakoroga chai yake. "Na mimi sikusema uongo hata neno moja."

Nikaiacha chai palepale. Mtu anakuchinja, kisha anajisifu kwamba kisu chake ni kisafi?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inaponigeukia mwenyewe.

Bodi mpya iliiacha Kigombe. Walisema chama sasa kitajikita kwenye makongamano. Picha nilizokuwa nikizipata kwenye simu zilikuwa za watu wamevaa fulana za rangi moja, wamesimama mbele ya bango. Nilizitazama nikasema moyoni, na waharibu, watajua umuhimu wangu. Nikajifungia ndani. Mashine yangu ya presha, ambayo ni mali yangu, niliiweka juu ya kabati.

Kigombe kulikuwa na bibi mmoja, Bi Siajabu, msuka makuti. Presha yake ilikuwa ya kupanda bila dalili, na dawa alikuwa hamezi mpaka umwone na umgombeze. Kila mwezi nilimgombeza. Mwezi wa tano tangu tuache kwenda, akaanguka. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa.

Aliyeniletea habari ni Mwalimu Shemweta. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, yule mtu niliyemcheka. Nikamwamkia, nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

Akasema, "Mwanahawa, mimi sikuondoka kwa sababu ulinikatalia. Kukataliwa nimezoea. Niliondoka kwa sababu ulinicheka mbele ya wageni. Hayo tumeyamaliza. Chukua mashine yako, twende."

Tulimkuta Bi Siajabu amelazwa kwenye mkeka, binti yake akimlisha. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nilipiga magoti nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Alinitazama sana. Kisha akasema, kwa shida, neno mojamoja, "Ulikuwa... wapi?"

Nitasema nini? Kwamba nilinyang'anywa kiti? Yeye kiti changu hakukijua. Alimjua mtu wa Jumamosi anayemgombeza. Zubeda alininyang'anya uenyekiti, hilo kweli, lakini hakunifunga miguu. Niliyeacha kwenda Kigombe ni mimi.

Siku hizi ninakwenda na Mwalimu, wawili tu, bila chama, bila fulana. Salma naye amekuja mara mbili. Huandika majina ya wazee kwenye daftari. Mwezi uliopita nilimpeleka Ushongo nikamwonyesha mahali alipolazwa dada yake. Alisimama pale kwa muda mrefu, kisha akanishika mkono.

Zubeda sijamsamehe. Watu wananiambia nimsamehe, ni thawabu. Labda. Bado sijafika huko, na sitawadanganya kwamba nimefika.

Ila ninyi mnaosoma, wenye vikundi vyenu, kamati zenu za misikiti, makanisa na shule, nawaomba. Mtu asipewe kiti kwa sababu alilia begani kwako. Mwone kwanza akifanya kazi yenyewe, siku ambayo hakuna wa kumpiga picha. Akitokea mtu mmoja tu mezani wa kukupinga, msikilize mpaka mwisho, maana huenda ndiye pekee anayekupenda. Karatasi isome, hata pilau lipoe. Na jambo la kumwambia mwanao, mwambie wewe, mapema, kwa kinywa chako.

Na siku wakikutoa, toka. Lakini kazi yako ondoka nayo. Usimwache mgonjwa akusubiri kwa sababu wewe umenuna.