Mama Pindo na Swali la Ishirini

Kila asubuhi Mama Pindo alisali, akafagia kibaraza, kisha akaketi kwenye cherehani. Waliomwita Mama Pindo walikuwa na sababu: pindo alilolishona yeye halikufumuka. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima ulimwita Cheche.

Cheche alivuta unga miaka minne. Aliuza hata sufuria za mama yake. Sasa ulikuwa mwezi wa saba tangu aache. Kila siku alipita kliniki, akanywa dawa yake mbele ya muuguzi, ndipo akaenda kazini. Mkewe alikuwa na mimba changa.

"Mwanangu amerudi," Mama Pindo aliwaambia wateja wake, kichwa juu.

Siku moja Cheche alisahau bahasha mezani. Kliniki ilikuwa ikifanya utafiti. Wataalamu walitaka kujua dawa za kulevya zinavyoathiri afya ya uzazi. Waliokubali walipewa maswali ishirini wayajibu kwa faragha.

Mama Pindo akafungua. Macho yakamtoka pima.

"Umewahi kulala na mtu bila kondomu ukiwa umelewa? Umewahi kupata kidonda sehemu za siri? Ee Mola! Ndiyo maswali ya kumuuliza mtoto wa watu haya?"

Akashika kalamu. Akaweka alama penye Hapana. Hapana, hapana, hapana, mpaka chini, bila kusoma tena. Akabandika bahasha kwa gundi, akaipeleka kliniki mwenyewe. Aibu imezikwa, akajisemea.

Baada ya siku mbili Cheche akasema, "Mama, muuguzi ananiita. Nataka twende wote."

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe unajua."

Muuguzi alikuwa mwanamke mcheshi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu nisomee swali la ishirini."

Mama Pindo akavaa miwani. "Je, yupo mtu nyumbani anayekusaidia kuacha?" Jibu lilikuwa Hapana.

Akalisoma tena. Yeye aliyemwosha, akamlisha, akamshika mkono mpaka mlango wa kliniki, amejikana kwa kalamu yake mwenyewe!

Cheche akacheka. "Nilipoulizwa nikasema hii si kazi yangu. Naanzaje kusema sina mama?"

"Nilikuwa nakusitiri, baba."

Muuguzi akauliza, "Mama, mteja akikupa vipimo vya uongo, utamshonea nini?"

"Nguo ya jirani yake."

Wote wakacheka.

"Basi na sisi ni hivyo hivyo. Mtu akilewa husahau kinga. Wengine hutoa mwili wapate unga. Wengine huchangia sindano. Ndivyo virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini vinavyopita. Tena mtu anaweza kuugua asione dalili yoyote. Wengine hupungukiwa nguvu za kiume, wakaona haya, wakarudi kwenye unga. Tukijua ukweli, tunatibu yote pamoja."

"Na jina lake?"

"Haliandikwi. Kwenye utafiti yeye ni namba arobaini na moja. Kujibu ni hiari yake, si yako wala yangu. Akikataa, dawa yake ataipata vile vile."

Mama Pindo akasimama. "Basi natoka. Vipimo vya mtu huchukuliwa mwilini mwake mwenyewe."

Cheche alijibu kwa ukweli. Kisha akakubali kupimwa damu. Hakuwa na virusi vya Ukimwi, lakini alikuwa na kaswende.

"Mbona siumwi hata ukucha?" alishangaa.

"Ndiyo maana tunapima. Inatibika kwa sindano. Ila mkeo naye apimwe mapema. Isipotibiwa, inaweza kumdhuru au hata kumuua mtoto aliye tumboni."

Cheche alimweleza mkewe mwenyewe, bila kutuma mtu. Mke akalia, akanuna siku nzima. Mama Pindo alisali cherehani ikiwa kimya. Nyumba itavunjika? Na mjukuu je?

Kesho yake mkwewe akavaa viatu. "Naenda kwa ajili ya mtoto," akamwambia Cheche. "Wewe nitakusamehe njiani. Kama njia ni ndefu."

Naye alikutwa nayo. Wote wawili wakachomwa sindano. Walisubiri kulala pamoja mpaka walipoambiwa wamepona, na wakarudi kupimwa kila walipoitwa.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Utafiti ulipokwisha, kliniki iliwaita watu kuwapa majibu. Kuanzia siku hiyo, kila anayekuja kuacha dawa za kulevya angepewa nafasi ya kupimwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa hapo hapo. Daktari hakutaja mtu. Ni Cheche aliyesimama kwa hiari yake.

"Namba arobaini na moja ni mimi," akasema.

Jirani akamnong'oneza Mama Pindo, "Huoni aibu?"

"Aibu niliizika, ikaota. Mwache aing'oe."

Cheche akaendelea, "Swali la ishirini lilijibiwa vibaya mara ya kwanza. Jibu ni ndiyo. Yule pale."

Watu wakageuka. Mama Pindo hakujificha. Alimweka mjukuu vizuri begani, akanyoosha mgongo uliozoea kuinamia cherehani.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Na huyo anayesema kweli mbele yenu ni mwanangu."