Makaa ya Udi

"Ameingia kwa wanawake!"

Sauti ya Afande Hesbon ilikwaruza sikioni mwa Inspekta Twaiba. Akakanyaga breki. Probox iliserereka mchangani, mbele ya nyumba yenye harusi, Msambweni.

"Una hakika, afande?"

"Amevaa buibui na nikabu. Sisi wanaume tukiingia humo watapiga mayowe, naye atabonyeza. Ingia wewe. Si ndiyo kazi yenu tangu enzi za mkoloni? Polisi wa kike ni wa kupekua akina mama."

Twaiba akajitupia buibui juu ya nguo zake, akashuka garini.

Jasusi huyo wa kigeni, waliyempa jina la Kunguru, alikuwa na simu moja ndogo. Angepiga namba moja tu, bomu lililofichwa hotelini kisiwani Chale lingelipuka. Mawaziri wa nchi mbili walikuwa njiani kukutana huko. Kunguru aliwasubiri wafike.

Jikoni mwa hoteli hiyo alikuwamo Bushra, mdogo wake Twaiba.

Mlangoni, bibi mmoja alimnyooshea kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Simu humu. Hatutaki picha za bi harusi zizagae mitandaoni. Na hicho cha sikioni pia, usinifanye mjinga."

Kikapu kikameza simu. Kikameza na sauti ya Hesbon.

Akabaki peke yake.

Ndani, wanawake walijaa juu ya mabusati. Wengi walikuwa wameshavua mabuibui, dhahabu na hina zikionekana. Watoto walikimbizana katikati yao. Bastola yake ya Glock ilimlalia kiunoni, baridi, haina faida. Risasi moja humu ingeua mtoto.

Watatu tu, pembeni, walikuwa bado wamejifunika nyuso.

Yupi?

Aliogopa kukosea. Aliogopa zaidi kupatia.

Khamisa, shangazi wa bi harusi, akaingia na chetezo kinachofuka udi.

"Jifukizeni, jamani! Mnanuka jasho kama wabeba magunia!"

Wakacheka. Chetezo kikaenda pembeni. Wa kwanza alisimama, akakiweka kati ya miguu, akakifunika kwa buibui lake mpaka moshi ukamtoka shingoni. Wa pili vivyo hivyo.

Wa tatu alikinusa kama ua, akakirudisha.

Twaiba alikipokea yeye.

"Shoga, mbona hukujifukiza?"

Macho nyuma ya nikabu yalimkazia. Mkono wa kulia ukazama ndani ya buibui.

Ukatoka na simu.

Twaiba akaumwagia makaa yote.

Yowe lililotoka lilikuwa la mwanamume. Nokia ikaanguka. Twaiba akailalia kwa tumbo, huku wanawake wakimvamia Kunguru kwa viatu na masinia. Ikabidi awasihi wamwache hai.

Hesbon alimngoja nje, kando ya Probox.

"Kunguru ametaja bomu lilipo. Lilikuwa jikoni, ndani ya mtungi wa gesi. Limeteguliwa."

Jikoni. Alikokuwa Bushra.

"Lakini mkono wake umeungua vibaya," Hesbon aliendelea, "na ubalozi wao unapiga kelele. Uliambiwa umpekue, si umchome. Utaomba radhi kwa maandishi."

Twaiba akageuka, akaanza kurudi harusini. Simu yake ilikuwa bado kikapuni, na alitaka kuisikia sauti ya Bushra.

"Inspekta! Nimesema uombe radhi!"

"Siombi, afande."

"Ni amri!"

"Siombi."