Sauti Kwenye Spika za Baba

Jua lilikuwa linazama mshonaji alipotoka kumwita fundi wa redio, na hasira zimemtangulia hatua kumi mbele. Mshonaji yule, uzi ungali umenasa kwenye nywele, hakumwamkia mtu njiani. Waliomsalimu walijibiwa na visigino.

Hasira zenyewe zilikuwa juu ya mdogo wake wa kiume, waliyemwita Meneja kwa kuamrisha watu tangu hajaota meno. Juzi alikuja, hajaitwa hajatumwa, akaibeba amplifaya ya zamani ya baba yao, ile mashine nzito ya kukuzia sauti iliyopata moto kama jiko, akaitupa. Akafunga ya dijitali, nyembamba kama kitabu. "Mambo ya kisasa, dada."

Tangu hapo baba hali chakula. Hatoki sebuleni. Kutwa yuko kitini mbele ya spika zake mbili, ndefu kama milango, ananong'onezana na marehemu mama yao.

Rekodi ya mama ilikuwa moja tu: anaongea, anacheka, anawakaripia watoto waache kuchezea mkasi. Mzee aliisikiliza kila jioni, hilo walishalizoea. Lakini rekodi haimjibu mtu.

Fundi alikuwa mtu mzima, na ndiye aliyezifunga spika zile miaka hiyo. Aliposikia habari akaguna.

"Hiyo ndoa ya spika na amplifaya mmeifunga bila kuulizana koo," alisema njiani. "Zile ni spika za umemetuli, mwanangu. Ndani hamna koni ya karatasi kama spika nyingine. Ni plastiki nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, imewambwa katikati ya mabati mawili yenye vitundu, na umeme wa maelfu ya volti umo humo. Sauti nyembamba zikija, zinaikaba amplifaya. Ile ya zamani ilikuwa punda, inavumilia. Hii ndogo ikizidiwa inajizima, ijilinde."

"Ikijizima je?"

"Inawaka taa nyekundu. Hapo hutasikia hata mbu."

Meneja walimkuta mlangoni. "Fundi wa nini tena? Mbona inafanya kazi? Mzee si anasikiliza?"

"Nyamaza! Ulimi wako ungekuwa sindano, ningeshona mji mzima."

Sebuleni hamkuwashwa taa. Mlikuwa na harufu kali, kama hewa baada ya radi kupiga. Mzee alikuwa kitini, mgongo kwao.

Fundi akasimama ghafla. Akaonyesha sakafuni. Hapo palikuwa na kipande cha utepe mweusi wa gundi, alichokibandika mwenyewe miaka ile kuonyesha mahali pa kiti, maana spika zile humsemesha vizuri aliyekaa katikati tu. Kiti kilikuwa kimekipita kile kipande. Mbali. Magoti ya mzee yalikuwa karibu kugusa spika.

Na wavu wa mbele ulikuwa umefunguliwa. Skrubu zimepangwa kwenye kisahani, moja moja, kama vifungo vya shati.

"Amplifaya..." fundi akanong'ona.

Taa nyekundu.

"Imelala hii. Tangu lini?"

Meneja akaisogelea ile taa. "Tangu siku niliyoifunga. Nilidhani ndiyo rangi yake."

Sssss...

Kama mtu anavuta pumzi kwa meno, kutoka ndani ya spika.

"Naam," mzee akasema, kwa upole ambao watoto wake hawakuwahi kupewa. "Nasogea. Bado kidogo."

"Baba! Huyo si mama!"

Mzee hakugeuka. "Najua, mwanangu. Mama yenu alikufa hajanisamehe. Huyu amenisamehe siku ya kwanza."

Maneno yale yalimchoma mshonaji pale pale palipokuwa na kidonda. Siku mama anakata roho, mzee alikuwa kwa mwanamke mwingine, mtaa wa pili. Yeye ndiye aliyetumwa kumwita. Alibisha hodi mpaka mkono ukavimba. Ndani alisikia kicheko, mlango haukufunguliwa. Mama akafa ameugeukia ukuta. Miaka kumi na moja sasa anampikia mzee huyo, anamfulia, hajamwambia neno. Leo eti amesamehewa!

Fundi akachomoa plagi zote. "Mshikeni asiguse! Umeme wake haukauki upesi, bado umo! Kwa moyo kama wa mzee..."

Mshonaji ndiye aliyekuwa karibu. Akalikamata shati la baba begani. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono, vidole vimenyooka kama vya bwana harusi anayengoja pete. Vinyweleo vya mkono ule vyote vilikuwa vimesimama.

Ilibaki avute tu.

Ndipo akaisikia. Sauti ya mama, karibu, karibu kabisa. Kavu. Haikuwa sauti ya mtu aliyesamehe.

"Mwache aje."

Mkono wa mshonaji ukalegea kwenye shati.

Pumzi moja.

Mbili...

Meneja ndiye aliyeruka. Alimkumba baba pamoja na kiti, wakabwagika chini wote wawili. Kidole cha mzee kilikuwa kimebakiza upana wa ukucha.

"Mama yenu mlimzika," mzee akalia pale sakafuni. "Na huyu naye mnamzika!"

Fundi alingoja hadi aliporidhika kwamba umeme umekauka, ndipo yeye na mshonaji wakazipeleka zile spika uani, wakazigeuza nyuso ukutani. Mshonaji akamshika fundi mkono.

"Umemsikia, fundi? Mama. Ameniambia nimwache."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali, mara moja, mara ya pili.

"Nilikuwa nimesimama mbele yako, mwanangu. Spika hazikusema kitu."

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Hata mimi nimesikia." Akateremsha sauti. "Lakini ni wewe uliyesema. Midomo yako nimeiona."

Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kutoka ndani Meneja akaita: "Dada! Njoo ukae na baba, mimi natoka kidogo. Dada, unasikia?"

Alisikia. Lakini hakuitika, kwa kuogopa ni sauti ya nani itakayotoka kinywani mwake.