Kitundu Chini ya Shingo ya Pampu

Kila asubuhi kabla ya chai, Ikirezi aliliamkia jakuzi la shangazi yake kama askari anavyoiamkia bendera. Jakuzi hilo, bwawa dogo la maji moto, lilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni ya shangazi Mukarugwiza, huko Kagarama. Ikirezi, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekabidhiwa kazi mbili: kuondoa majani yaliyoelea majini, na kuangalia kama pampu iliyo kibandani ni kavu.

Kazi ya pili ilimchukua muda mrefu, kwa sababu pampu iliimba. Ilinguruma kama paka aliyeshiba, mvuke ukapanda taratibu kutoka majini, na Ikirezi akauona ukigeuka kilima, kisha ngamia, kisha mwalimu wa hisabati akipeperuka polepole kuelekea Masaka.

Jumatano moja aliona tone likining'inia chini ya shingo ya pampu, kwenye kitundu kidogo kama punje ya mtama. Likaanguka. Likaja jingine.

Alijua anapaswa kusema. Lakini Jumamosi Nyogokuru, bibi yake, angekuja kuloweka magoti yanayomuuma. Pampu ikijulikana ni mbovu, si angeambiwa asije? Ikirezi akatafakari kwa uzito wote wa daktari mkuu. Akatoa mdomoni shikarete, pipi ya kutafuna aliyopewa na Salvator, mlinzi wa getini, akaibandika kwenye kitundu. Tone likakoma. Akatangaza kwamba mgonjwa amepona.

Ijumaa pampu haikuimba, ilikoroma. Jumamosi ikazima umeme wa nyumba nzima.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, watu wazima wote wakiwa barabarani wakisafisha mitaro, kwa hiyo fundi Mukandekezi alifika kazi hiyo ilipokwisha, buti zake zikiwa bado na udongo. Nyogokuru alikuwa ameshafika. Aliketi kivulini akisugua magoti bila kulalamika, na huko kutolalamika ndiko kulikomchoma Ikirezi.

"Inavuja wapi?" fundi aliuliza.

"Haivuji," shangazi alijibu. "Inakaguliwa kila siku. Sivyo, Ikirezi?"

"Yego, shangazi," aliitikia Ikirezi, akiangalia vidole vya miguu yake kana kwamba ni vigeni.

Fundi akazima swichi kubwa, akafunga koki za maji, akafungua kifuniko cha mota. "Ajabu. Nje pakavu, ndani pamelowa. Haya maji yamepita wapi?"

Akapapasa chini ya shingo, akachokonoa kwa bisibisi. Kipande cha rangi ya waridi kikachomoka, na maji yakatoka nyuma yake kama wanafunzi waliosikia kengele ya mwisho.

"Shikarete!" shangazi alifoka. "Salvator!"

Salvator akaja mbio, anatafuna.

"Unatafuna nini?"

Akameza. "Hakuna kitu, mama."

"Nani mwingine hapa anatafuna kutwa kama mbuzi? Nitatafuta mlinzi mwingine!"

Ikirezi alitamani kugeuka mvuke. Lakini siku hiyo hapakuwa na mvuke. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuzima.

"Ni mimi, shangazi," alisema. "Pampu ilikuwa inavuja. Nikaziba ili Nyogokuru asikatazwe kuja."

Fundi akamwonyesha kitundu kwa bisibisi.

"Binti, kitundu hiki kiliwekwa makusudi. Ndani kuna sili, pete inayozuia maji. Ikichakaa, maji hutokea hapa ili mtu aone. Ukiziba, yanaingia kwenye mota. Na usishike tena pampu yenye umeme! Haya, shika spana."

Sili ya zamani ilikuwa imepasuka. Mota, kwa bahati, ilikuwa haijaungua. Waliianika juani, kisha draya ya nywele ya shangazi ikamalizia unyevu, nayo ilifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa. Fundi akaweka sili mpya, akatandaza gazeti kavu chini ya shingo, akawasha. Wote wakainama kutazama. Gazeti likabaki kavu. Pampu ikaanza kuimba.

"Salvator, nisamehe," shangazi alisema. "Nimekuhukumu bila kukusikiliza."

"Nami pia nisamehe, Salvator," Ikirezi alinong'ona.

Jioni Nyogokuru alikuwa ndani ya maji moto hadi mabegani, macho yamefumbwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kile kitundu kilikuwa mdomo wa mgonjwa, mjukuu wangu. Ulimziba mdomo ukadhani umemponya. Jambo likiharibika, sema lingali tone. Magoti yangu yangesubiri, yana mazoea."

"Nimeelewa, Nyogokuru."

Bibi akafumbua jicho moja, akautazama mvuke. "Sasa niambie, yule ni ngamia?"

"Ni mwalimu wa hisabati."

"Masikini. Anakwenda wapi jioni yote hii?"

"Masaka," alijibu Ikirezi, na safari hii alikuwa anasema kweli.