Jani la Kijani Kwenye Chupa

Mwili ulilala ubavu kwenye sakafu ya bafu, brashi ingali mkononi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kando yake palikuwa na chupa ya dawa ya kusafishia vigae.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Darubini, alichutama akasoma lebo. *Asilia. Haina klorini. Rafiki wa mazingira.* Katikati, jani la kijani ndani ya duara, kama muhuri.

"Mama alikuwa na pumu," binti wa marehemu alisema, macho yamemvimba. "Daktari alimkataza klorini. Hakununua kitu bila kusoma."

"Na hii?"

"Hii aliiamini kuliko zote. Kaka yangu ndiye anayetengeneza lebo za kiwanda hicho."

Siku ya tatu, mkemia wa polisi alimkabidhi ripoti. "Klorini tele, afande. Ni dawa ile ile ya zamani, imebadilishwa nguo tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Darubini hakucheka. Alimwita yule kaka kituoni, akaiweka chupa mezani.

"Muhuri huu umetolewa na nani?"

"Na shirika."

"Shirika gani? Hauna jina wala namba. Nimepiga simu kote. Hakuna anayeutambua."

Kaka aliisogeza chupa pembeni.

"'Rafiki wa mazingira.' Kivipi? Nani kapima?"

"Ni maneno tu, afande. Kila mtu anayaandika."

"'Haina klorini' si maneno tu. Hilo linapimika. Tumelipima." Alimsukumia ripoti.

Mchora lebo alisoma mstari wa kwanza, akainua uso. "Chupa hii mmeitoa wapi?"

"Bafuni kwa mama yako."

"Si mlisema ni pumu?"

"Ni pumu. Mvuke wa dawa hii ndio ulioiamsha."

Mabega yalimshuka. Aliirudisha ripoti mezani.

"Dawa ilikuwa imedoda," alisema. "Meneja akasema isiponunuliwa, idara yetu inafungwa. Watu wanataka vitu vya asili, akasema, basi wape. Nikachora jani. Dakika kumi tu."

"Na klorini?"

"Nilijua imo. Nikaandika haina."

"Mama yako je? Hukumwonya?"

"Sikumpelekea mimi! Aliiona dukani, akanipigia simu anacheka. 'Mwanangu, nimenunua kazi ya mikono yako. Jirani zangu wote nimewaonyesha.'" Alijifuta uso. "Nilitaka kumwambia aitupe. Lakini ningemwambia mimi ni mwongo? Alivyofurahi vile?"

"Ukamjibu nini?"

"'Asante, mama.' Basi."

Darubini aliandika maelezo, akampa ayasome. Aliyasoma neno kwa neno, hakusahihisha kitu, akatia sahihi.

"Meneja tunamfuata sasa hivi," inspekta alisema. "Chupa zinaondolewa madukani."

Mchora lebo hakuonekana kusikia. "Dada anajua?"

"Bado."

"Naomba nimwambie mwenyewe."

Darubini alimsogezea simu, akageukia ukutani.