Jina la Ngalula Halikusomwa

— Ngalula, funga dirisha! Ile ya kushoto!

Ngalula aliruka mabenchi mawili akavuta ubao wa dirisha kwa mikono yote miwili. Mama Henriette, mke wa mchungaji, alikuwa ameshasukuma meza hadi mlangoni na kuikalia. Ubaoni somo la Kiingereza lilikuwa limekatika katikati: namna ya kumwambia daktari mahali panapouma. Nje, vijana walikuwa wanapiga mabati ya uzio kwa marungu.

Ilikuwa saa tisa mchana, Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, mwaka 1993.

— Bilulu! Munatusikia?

Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyoitwa siku hizo watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani. Wengi wao walizaliwa Kolwezi hapo hapo, baba zao wakiwa wameletwa kufanya kazi mgodini, lakini sasa walikuwa wametolewa kwenye nyumba zao na vyombo vyao vikitupwa barabarani. Wiki ya tano hiyo walikuwa wanalala katika ua wa kanisa, wakingoja treni. Mama Henriette, Mkatanga wa Manono, aliwafungulia darasa la Kiingereza kila mchana, kwa wale waliotaka kujaribu Zambia badala ya kurudi kijiji ambacho hawakukijua. Mwalimu alikuwa Mukalay, naye Mkatanga wa Manono, aliyekulia Kitwe, Zambia. Ndiye mchumba wa Ngalula.

Siku hiyo Mukalay hakuja.

— Tuko na liste yenu! Nasoma, kila mutu asikie! Tshibola Mushiya, Mbuji-Mayi! Tshilombo, Mwene-Ditu! Kanku, Gandajika!

Ngalula aliitambua ile orodha: ilifuata mpangilio wa mabenchi yao. Siku ya kwanza ya darasa Mukalay alimtaka kila mtu asimame, aseme kwa Kiingereza jina lake na mahali anakotoka. Wote walitaja kijiji cha baba, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga Kasai, kwa sababu mtu mwenye adabu akiulizwa anakotoka hujibu hivyo. Mukalay akaandika yote, kwa mwandiko wake mzuri.

Baada ya Kanku alikuwa yeye. Alifumba macho kama mtu anayengoja kofi.

— Kalala, Tshilenge! Mukendi, Gandajika!

Jina lake lilirukwa. Wakasoma mpaka mwisho, halikutajwa.

— Kesho saa sita treni inaenda! Mutu tutakuta hapa kisha treni kwenda, asilaumu mutu!

Marungu yakaondoka na makelele yao. Kisha Mama Tshibola, mjane aliyekuwa akiuza samaki wa ziwa Nzilo sokoni, akageuka taratibu.

— Ngalula, jina yako iko wapi?

— Sijui, mama.

— Tuko batu makumi mbili na sita. Banasoma makumi mbili na tano.

— Mama, na mi naogopa sawa we.

— Hapana. Hauogopi sawa mi. We hawakukuita.

Benchi lote la tatu lilisogea mbali naye. Alikuwa amelala na watu hawa wiki tano, akala bukari, ugali wa kule, nao sufuria moja, na sasa walimtazama kama wanavyotazama wale wa nje.

Baba yake, mzee Muteba, aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa dereva wa treni miaka thelathini, na darasani hakukaa hata siku moja.

— Nilisema, mi! Kiingereza ya nini? Ule kijana alikuwa anawahesabu tu. Sawa mutu anahesabu kuku mbele ya sikukuu.

— Papa, Mukalay hawezi.

— Mwandiko ya nani ile? Ya Yesu?

Jua lilikuwa linashuka Mukalay alipopenya kwa chumba cha mchungaji. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo kwa jasho. Ngalula alimvuta nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo.

— Ni weye ulitoa ile liste?

— Ni mi.

Ngalula alikuwa amejitayarisha kusikia uongo. Kwa neno hilo hakuwa amejitayarisha.

— Mukalay! Yulu ya nini? Sababu gani?

— Sikilia. Nilitaka tuwavushe Zambia sawa korali ya kanisa, batu ya kuimba. Karani ya biro, ile ofisi ya vibali, akasema bila kashe ya muhuri barieri ya kwanza ku barabara itatugeuza. Akaomba majina, na fasi kila mutu anatoka. Nikamupa. Leo naenda kuchukua kibali ya bote, ananionyesha mukono mutupu. Anasema yaya yangu Ngoy alishapita kuchukua ile liste.

— Yaya yako mwenyewe, ndugu mukubwa ya tumbo moja! Njo yeye alikuwa anasoma pale inje?

— Njo yeye.

— Batu banachoma manyumba, na weye unatafuta kashe!

Lakini katika nchi ile hata jeneza halisafiri bila muhuri. Mzee Muteba mwenyewe alikimbia akiacha kitanda na cherehani, lakini vyeti vyake vya kazi, vyenye mihuri yote, alivifunga tumboni kwa kitambaa.

— Na jina yangu? Ilienda wapi?

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Hiyo ilikuwa na muhuri.

— Nilikuandika ku karatasi yangu. Bibi ya Mukalay, anatoka Manono.

— Ulinioa ku biro? Bila papa, bila mama yako, weye na karani tu?

— Nilitaka upone.

— Na bengine?

— Nilisema kama mambo inaharibika, hata mutu moja apone.

— Basi ulijua inaweza kuharibika.

Mukalay alirudisha karatasi mfukoni.

— Ulijua, na ukapeleka mama Tshibola na bale bote. Mi ukanificha mu mufuko.

— Ngalula, gari iko tayari. Ya batu mbili. Kesho magaribi tuko Kitwe.

Hofu ilimshika Ngalula vibaya pale. Mwili wake wote ulitaka ile karatasi. Aliona Kitwe, aliona kitanda, aliona mlango unaofungwa kwa ndani. Akamshika Mukalay mkono wa shati, akamvuta mpaka mbele ya mabenchi.

— Waambie. Kwa mudomo yako.

Akawaambia. Sauti ilikatika mara mbili, lakini hakuficha hata lile la karatasi ya watu wawili. Alipomaliza, Mama Tshibola alivua kandambili, akampiga nayo begani mara moja, kisha akakaa chini akalia.

— Barabara ya Zambia imekufa, alisema Muteba. Majina yetu iko ku kila barieri. Imebaki treni.

— Mi naenda na papa, alisema Ngalula. Weye uko na kibali yako. Wende.

Kesho yake treni ilikuwa mabehewa ya wazi, ya kubebea madini, na watu walipangwa ndani wakisimama kama kuni. Ngoy na vijana wake walitembea kwenye kokoto, marungu mabegani, wakipokonya redio na sufuria. Ngalula alikuwa amemshika baba yake kiunoni alipoona mkono ukishika ukingo wa behewa, halafu kichwa, halafu Mukalay mzima na mfuko mmoja.

— Unafanya nini?

— Napanda.

— Uko na kichaa? Kule Kasai iko batu balizika batoto ku njia yulu ya bandugu zako! Wakijua weye ni wa Manono watakuua!

— Najua.

— Na kibali?

— Nilipasula.

Chini, Ngoy alikuwa amemwona. Akaja mbio, uso umemvimba kwa hasira.

— Mukalay! Shuka! Ile si treni yako!

— Yaya, niache.

— Mama akiniuliza, nimwambie nini?

— Mwambie nimeoa.

— Umeoa bilulu? Shuka, ao nakushusha na rungu!

Alikanyaga gurudumu, akamkamata mdogo wake mguu, akavuta. Mukalay aliteleza. Ngalula alimshika shati, likachanika, akamshika mkono. Vijana wengine walianza kuja. Mmoja aliinama kuokota jiwe. Mbele, treni ilipiga honi, lakini magurudumu hayakusogea.

Ndipo mzee Muteba, ambaye tangu jana hakumtazama kijana yule machoni, akainama juu ya ukingo.

— Kijana, achia muguu. Unavuta mukwe yangu.

Ngoy alibaki ameinua macho. Mkwe wa mdogo wako ni mkwe wako, na mkwe huheshimiwa hata na mwenye rungu. Alichelewa pumzi moja tu, na ndani ya pumzi hiyo mabehewa yakagongana, yakavutana, treni ikaondoka. Mkono wake ukateleza kutoka kwenye kiatu.

Jiwe la kwanza lilipiga chuma. La pili lilipita juu. Mbele kulikuwa na Tenke, kisha Kamina, na kila kituo kina vijana wake na marungu yao.

— Unatetemeka, alisema Ngalula.

— Natetemeka.

— Kule Kasai mi njo nitasema na batu. Weye utanyamaza mpaka watakuzoea.

— Sawa, bibi yangu.

Lilikuwa neno lile lile la karatasini. Mara hii Ngalula alilisikia kwa masikio yake, mbele ya baba yake, na hakulikataa.

Mama Tshibola, aliyekuwa hajamsalimu mtu tangu asubuhi, alivuta sufuria yake pembeni, pakapatikana nafasi ya kutosha mtu mmoja mwembamba.

— Kaa chini, mwalimu. Mutu murefu sawa weye anaita majiwe, na siye tuko nyuma yako.